Mafuta ya Nyonyo kwa Gari la Mdachi

Mume wangu alikuwa na maneno mengi juu ya lile gari kuliko aliyokuwa nayo juu yangu, na nilimwambia hivyo usoni, sikumficha. Gari la mbio, alikuwa akisema, halitaki pupa. Usilitie maji ya kisima, maana maji yetu ya Dodoma yana chumvi na yanaacha ukoko ndani ya rejeta. Kinga ya mvua, uyatunze kwenye mtungi wenye kifuniko. Usiliegeshe palipo na mbuzi, watakula ngozi ya viti. Kila jioni pitisha kiganja juu ya magurudumu yote manne, kwa sababu mwiba wa mgunga ukiuacha humo, kufika asubuhi umekwisha zama. Ukisikia mlio usioujua, simama, usijipe moyo. Na mafuta! Hapo ndipo alipoinua kidole. Gari linaweza kuvumilia vumbi, linaweza kuvumilia kiu kidogo, lakini likikosa mafuta ndani ya injini linaanza kujila lenyewe, chuma kwa chuma, mpaka linakufa.

Nami nilikuwa namsikiliza huku nachambua mlenda, nasema moyoni, heri lijile.

Gari lenyewe halikuwa letu, msije mkadhani. Lilikuwa la Mdachi mmoja mnunuzi wa ngozi, aliyejenga ghala lake karibu na stesheni mara tu reli ilipofika. Lilikuja kwa treni ndani ya kasha la mbao. Viti viwili, paa hakuna, milango hakuna, pua ndefu iliyokazwa kwa mikanda. Halikuweza kubeba hata gunia moja la uwele. Mama yangu, aliyekuja kutoka Nzuguni kutusalimia, alilizunguka akauliza linafanya kazi gani. Mume wangu akamjibu, "Linakimbia, mama." Mama akauliza tena, "Linamkimbia nani?" Tulicheka siku ile hadi tukashika mbavu. Mume wangu hakucheka.

Mdachi aliliendesha mwenyewe, usukani hakumwachia mtu. Alilikimbiza kando ya reli mpaka Zuzu na kurudi, kuku wanatawanyika, ng'ombe wanavunja mazizi, akifika anatupa miwani kitini na kwenda zake. Yaliyobaki yote yalikuwa ya mume wangu. Yeye alikuwa mtoto wa mjini, babu zake walikuja na misafara ya pembe wakabaki huku. Spana alijifunza kwenye karakana ya reli, na huyo Mdachi ndiko alikomchukua. Mimi ni Mgogo. Wakati ninaousema tulikuwa na mtoto mmoja wa kike, bado nambeba mgongoni.

Siku moja Mdachi alikuta mchanga kidogo kwenye mfuniko wa tangi la petroli. Mchanga kidogo tu, wa kuokota kwa ncha ya ukucha. Wakati ule kosa la mtumishi lilikuwa na jibu moja, hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano bomani, na watu wanaitwa kutazama. Mume wangu akarudi anajivuta, akalala kifudifudi siku tatu nikimkanda kwa maji ya moto. Siku ya nne, hata uji hajanywa, kaenda kulifuta gari vumbi. "Wewe mwanamume una wazimu!" nilimwambia. Akasema kwa upole, "Gari halikunipiga, mke wangu." Tangu hapo nikalichukia gari lile kama mke mwenza.

Kisha vita. Vilianza kama maneno ya stesheni tu, Wadachi wanapigana na Waingereza huko mbali, sisi yatuhusu nini. Baadaye vikafika jikoni. Viberiti vikapotea, nguo zikapotea, meli hazikuja tena. Wanaume wakaanza kukamatwa njiani kwenda kubeba mizigo ya jeshi. Walipita mbele ya nyumba yetu wamefuatana, mzigo kichwani, askari nyuma, nasi tunawachungulia mlangoni. Waliorudi walikuwa wachache, na hao waliorudi hawakuwa watu wa kuulizwa habari. Mume wangu hawakumgusa. "Huyu ni wa gari," askari waliambiana, wakapita.

Ndipo likatoka tangazo bomani. Kila gari, kila nyumbu na kila punda wa wilaya aletwe akaguliwe. Kitakachofaa kitachukuliwa na jeshi pamoja na mtunzaji wake. Yule Mdachi alifurahi kama bwana harusi. Alikuwa amekwisha pewa cheo na alitaka kwenda vitani na gari lake. Alimwambia mume wangu gari litakimbia mpaka Zuzu na kurudi mbele ya afisa wa boma. Likifika, wote watatu watapanda treni ya kijeshi: yeye, gari na mume wangu. Likishindwa, hamsa ishirini mara mbili.

Mimi nilikaa na jambo hilo mchana kutwa. Viboko nimeviona, vinauma, lakini vinapona. Vita sikuwahi kuona vikipona. Nikasema, gari lile lazima lishindwe, na mume wangu nitamkanda hata mwezi mzima, mradi abaki nyumbani.

Mungu naye kama aliyenisikia. Mafuta ya Ulaya, yale ya mikebe, yalikuwa yamekwisha. Mkebe wa mwisho ulibaki na kiasi cha kidole kimoja. Petroli ilikuwapo, mapipa mawili yamefunikwa mchanga nyuma ya ghala, lakini mafuta ya injini hakuna. Mume wangu akajaribu samli. Samli ikaungua, ikanuka nyumba nzima, ikaacha weusi alioukwangua kwa kisu siku mbili. Alikuwa amekonda. Alikaa kizingitini ameshika kichwa, ananiambia, "Likikimbia hivi hivi litajiua." Ungedhani anamwuguza mama yake.

Nikamwambia, "Kwa nini usijaribu mafuta ya nyonyo?"

Akanitazama. Nyonyo ilikuwa imeota kila jalala, na mafuta yake kila mtu aliyajua: sisi Wagogo tulijipaka ngozi na nywele, tulipaka vyungu, na mtoto aliyefunga choo alipewa kijiko kimoja tu na kazi ikaonekana. Ni mafuta mazito, yanavutika, yanashika vidole. Mimi niliwaza moja tu: chombo kile chenye matundu membamba, nikikitia mafuta haya yatakigandisha hapo hapo, kisifike hata nusu ya njia. Hayo sikumwambia. Nilimwambia, "Mafuta ni mafuta, bwana. Mimi nitakutengenezea." Akanishika mkono akanishukuru, na mimi nikatazama pembeni.

Hapo ndipo ninapojilaumu mpaka leo. Ningeweza kuyatengeneza ovyo. Ningeyaacha na maji, ningeyaacha na makapi. Lakini mkono uliofunzwa na mama yangu haukujua kuharibu. Nilikaanga mbegu polepole mpaka zikabadilika rangi, nikazitwanga kinuni, nikazichemsha, nikaengua mafuta kwa kata, nikayachemsha tena peke yake mpaka yakaacha kutatarika, ndiyo dalili kwamba maji yameisha. Nikayachuja kwa kanga safi. Yalitoka yanang'aa, rangi ya asali changa. Nikayaona mazuri, nikasikia fahari, mpumbavu mimi. Mume wangu akayamimina ndani ya gari akisema bismillahi.

Siku ya ukaguzi watu walijaa kando ya reli. Afisa wa boma alisimama na saa mkononi. Nilikuwa nyuma kabisa na mtoto mgongoni. Mume wangu akazungusha hendeli, injini ikakohoa mara moja, ikakubali. Mdachi akapanda kushoto, mume wangu kulia, wakaondoka. Vumbi likawafunika. Nikabaki naomba. Lifie njiani, Mungu wangu, lifie Zuzu, lifie popote, ila mtu wangu asiumie.

Tulisikia mlio kabla hatujaona kitu. Haukuwa ule mlio wa siku zote wa kukwaruza. Ulikuwa mmoja, mwembamba, unapanda bila kukatika. Gari likatoka kwenye vumbi kwa mwendo ambao sikuwahi kuuona, na harufu ikatangulia, harufu ya jikoni kwangu, ya nyonyo iliyokaangwa. Likasimama mbele ya afisa. Alitazama saa, akaitikisa, akaitazama tena, akacheka kwa sauti. Mdachi akampigapiga mume wangu begani, jambo asilowahi kulifanya. Na mume wangu, uso mwekundu kwa vumbi, meno yote nje, ananitafuta kwa macho katikati ya watu.

Karani wa boma akauliza mafuta gani yale. Mume wangu akaninyooshea kidole, jamani, kwa furaha yake yote. "Ya mke wangu!" akasema. "Ni bora kuliko ya Ulaya!" Karani akaandika. Siku hiyo hiyo nikapewa amri: madebe mawili kila mwezi, yatafuatwa na askari.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Lakini mimi sikuingia, nilimwingiza mtu mwingine.

Kesho yake alipanda treni pamoja na gari. Stesheni aliniambia nisilie, gari ni zima, mtu mwenye gari zima hafi ovyo. Kisha akanikumbusha nisibadilishe chochote katika kupika mafuta. Hata kumbusu mtoto alimbusu baada ya kumaliza hayo ya mafuta. Nilikuwa bado nataka kumwambia nilichokusudia, treni ikaondoka.

Nikatwanga nyonyo. Wanawake wa mtaani walinisaidia kuokota mbegu mpaka majalala yakaisha, tukaenda kuokota mbali. Askari aliyefuata mafuta alikuwa mtu wa makamo, si mkali. Kila alipokuja nilimwuliza neno moja, naye alijibu lile lile: gari zima, mtu mzima. Mara moja alileta salamu kutoka kwa mume wangu, kwamba mafuta ni mazuri sana na mtoto afundishwe kutembea bila kumsubiri baba yake. Nilifurahi siku ile, kisha nikaogopa, maana kumbe kila debe nililotoa lilikuwa linampeleka mbele zaidi. Mwezi uliofuata nikasema nitayaharibu, safari hii kweli. Nikaweka maji pembeni, tayari kuyatia. Nikafikiri viboko vyake vya kule, mikononi mwa watu nisiowajua, nani atamkanda. Nikayamwaga yale maji, mafuta nikayaacha mazuri.

Mwezi wa sita askari alichelewa. Tulikuwa tumeanza kusikia mizinga upande wa kaskazini, na watu wa mjini walikuwa wanazika vyombo vyao uani. Alipokuja alikuwa peke yake, mchafu, anachechemea, na debe moja la mwezi uliopita kalirudisha, bado limejaa.

"Shikamoo, baba," nikasema. Akaitikia akakaa kizingitini bila kukaribishwa.

"Mafuta hayahitajiki tena, mama."

"Gari limekufa?" nikauliza. Na Mungu anisamehe, moyo wangu uliruka. Nilijua anarudi. Nilikuwa nimekwisha fikiria nitampikia nini.

"Limechomwa. Petroli imekwisha, Waingereza wako nyuma yetu. Bwana mwenye gari ameliwasha moto kwa mkono wake, adui asilipate. Yeye amepanda nyumbu."

"Mume wangu je? Anafika lini?"

Askari alikuwa anafungua kamba za viatu, akaacha. "Mama, aliyekuwa na gari aliachwa asibebe mizigo kwa sababu ya gari. Gari halipo. Amepewa mzigo, na wamepitishwa upande wa Mpwapwa, hapa hawapiti."

Nilisimama tu pale, mtoto ananivuta nguo. Miezi yote ile nililiombea gari lile kufa, na mimi mwenyewe, kwa mikono hii, ndiye niliyekuwa nalilisha ili mtu wangu asishike mzigo. Sikujua. Nani angeniambia?

Askari alivua viatu. Nyayo zake zilikuwa zimepasuka mpaka nyama inaonekana. Akaniomba mafuta kidogo ajipake. Nikalisogeza debe mbele yake nikafungua kifuniko.

"Na wapagazi," nikamwuliza, "wao wana viatu?"

Akachovya vidole, akapaka kisigino kimoja, akapaka cha pili, kisha akainamia miguu yake. Mume wangu sikumwona tena.