Mapambo ya Pikapu

Jana nikifagia chini ya kitanda cha Mama nilivuta leso iliyofungwa kamba, na harufu ya petroli ikanipiga usoni.

Nilipokuwa mtoto, pikapu ya Baba ilikufa injini, ikakaa nje ya nyumba yetu Kaloleni. Wezi walikuwa wakibandua mapambo ya magari, zile tepe za kung'aa za ubavuni, na kuyauza soko la Gikomba. Baba akasema heri ayatoe mwenyewe. Mama aliyamwagia maji moto kutoka kwenye birika ili gundi ilegee. Baba akapitisha uzi nyuma ya pambo, akauvuta huku na huku kama muuza duka anayekata sabuni ya mche. Mimi nilipangusa kila moja kwa kitambaa cha petroli.

"Polepole, mama," Baba aliniambia. "Usiyakunje. Injini ikipona tutayarudisha."

"Na haya matundu milangoni, vilipokuwa vibanio vyake?" Mama akauliza.

"Ni ya siku chache tu."

Wezi hawakuigusa pikapu. Mvua ndiyo iliyopitia matundu yale, kutu ikala milango kutoka ndani. Wanunuzi wa vyuma chakavu walipokuja na mkokoteni, mlango ulibaki mkononi mwa mmoja wao. Baba hakutoka nje kuangalia.

Jana nilifungua leso ile. Mapambo yote yalikuwa yaking'aa, yamenyooka. Mama, ambaye siku hizi amesahau hata kwamba tulimzika Baba, akainua kichwa kitandani.

"Usiyakunje," akasema. "Baba yako akirudi atayataka."