Kisanduku cha Kijivu cha Zaituni wa Namatala

Asubuhi bado mbichi na foleni imeshafika barabarani. Zaituni, karani wa mapokezi katika zahanati ya binafsi hapa Namatala, Mbale, anauliza jina na umri. Anayejibu hamtazami yeye. Anatazama mgongo wa kompyuta, kama mtu anayengoja nyoka atoke.

"Andika Nandutu," anasema mama mmoja.

"Juzi ulikuwa Adero."

"Juzi ni juzi, dada. Wewe andika."

Wanamshuku kwa sababu anaishi nao. Ukikohoa Namatala, mji jirani wa Busiu wanakuombea dua kabla hujafuta mdomo. Nani atakubali jirani asome ugonjwa wake?

Zaituni hausomi. Kwenye fomu yake, visanduku vya jina, umri na mtaa ni vyeupe. Cha ugonjwa ni cha kijivu, kimefungwa. Daktari akiingia kwa neno lake la siri, kinafunguka.

"Mimi pale naona ukuta tu," anasema.

Matata yalianza nesi alipokwenda likizo. Zaituni akaambiwa apime wagonjwa uzito. Swaib, fundi wa kompyuta aliyeko Jinja, akampa ruhusa za nesi ili kisanduku cha uzito kifunguke. Vikafunguka vyote, hata cha ugonjwa.

Zaituni akafungua leso kiunoni, akafunika skrini, akapiga simu akipayuka: "Swaib, funga! Naona vitu vya watu!"

Foleni nzima ikasikia.

Swaib alirekebisha siku hiyohiyo: uzito wazi, ugonjwa umefungwa. Mtaa nao ukawa umeshamaliza kazi yake. Ikasemwa Zaituni ana kompyuta ya pili chini ya kitanda, na usiku inamsomea majina kwa sauti.

Jirani yake wa mlango kwa mlango, Shifa, akaacha kuja kuchukua dawa za kila mwezi.

"Huyu amenilelea mtoto wangu," anasema Zaituni. "Sasa nikimsalimia, anajifanya anaita kuku. Akizidiwa, ni mdomo wangu uliomponza."

Akamwomba daktari kiti kimoja, kiwekwe upande wake Zaituni wa meza, mgonjwa aone anachoandikiwa. Kisha akasimama mlangoni kwa Shifa: "Njoo ukague. Ukikuta nakudanganya, nitangaze mpaka Jinja."

Leo Shifa amekuja. Anaketi, anavuta kiti karibu zaidi.

"Jina langu gazetini sawa," ananionya mimi ninayeandika habari hii. "Ugonjwa, hapana."

Anaishika mausi ya kompyuta mwenyewe. Anabonyeza kisanduku cha kijivu. Wapi! Anabonyeza tena kwa nguvu, kama anayeua kunguni.

"Hakifunguki."

"Nilikwambia, Shifa."

"Hata kwangu? Na mwenye ugonjwa ni mimi!"

Zaituni anacheka mpaka anajifuta macho. Anataka kiti hicho kibaki hapo daima, na Nandutu achague jina moja.

Shifa anapokea dawa zake, anazifunga kwenye pindo la leso. Mlangoni anaigeukia foleni.

"Hapa nimekagua," anatangaza. "Chini ya kitanda bado."

"Njoo jioni," Zaituni anamjibu. "Nitabandika chai."