Kopo la Risasi Limehamia kwa Bi Mdogo

Mhariri, jina langu lifiche, maana huku Kigongo kila mtu ni shemeji wa mtu. Mimi ni bibi mwenye wajukuu wengi na meno machache. Shule yangu ni kisomo cha watu wazima, kwa hiyo herufi zikipinda zinyoosheni wenyewe. Na msikimbilie kucheka, wengi wenu hata kuku hamjui kuchinja.

Mume wangu ni mwindaji mwenye leseni tangu ujana wake. Kwao kuna mila: bunduki ni ya mume, risasi ni za mke. Kopo la risasi linakaa chini ya kitanda cha mke. Mume akitaka kutoka anataja mnyama anayemwendea, mke anachagua risasi na kumpa mkononi. Mume kujichagulia ni mwiko. Mama mkwe ndiye aliyenifundisha. Zile zenye ncha laini ya kijivu ni za swala: zikiingia mwilini zinafumuka, mnyama analala pale pale. Zile za shaba tupu, ngumu mpaka puani, ni za kiboko na nyati. Zinatoboa ngozi na mfupa mpaka kwenye ubongo. Mimi nazijua hata nikifumba macho, nakwaruza kwa ukucha tu, ncha laini inashika alama.

Mwaka juzi mzee akaoa ng'ambo ya ziwa, Busisi. Binti muuza mitumba. Tangu biashara ifunguliwe nchi hii, wasichana kama hao wana maneno kuliko redio. Sikulia. Mwanaume kuoa si habari. Akamwezekea bati, nikavumilia. Lakini siku aliyoinama kuvuta lile kopo chini ya kitanda changu, jamani, nilisikia kama nang'olewa jino bila ganzi.

"Wanyama siku hizi wapo ng'ambo, kopo likae huko," akasema.

"Na mimi nibaki na nini?"

"Wewe pumzika, umezeeka."

Nimezeeka! Yeye ambaye akiinama kufunga viatu lazima aitwe mtu wa kumwinua!

Basi bi mdogo akaanza kazi. Kwa swala akatoa risasi ngumu. Ikaingia huku ikatokea kule kama sindano kwenye nguo, swala akaenda zake na tundu lake, hakuonekana tena. Habari iliponifikia nilicheka mpaka khanga ikafunguka. Mzee akatangaza kwamba swala yule alikuwa na dawa. Dawa gani? Aliyelishwa dawa ni yeye!

Kosa likazaa kosa. Binti akaamua kwamba ngumu hazifai kwa mnyama yeyote. Siku hizi maduka ya mjini yana kila kitu, akamtuma mzee Mwanza akanunue ncha laini tupu. Zile ngumu akazifunga kwenye kitambaa, akavuka nazo mwenyewe kwa pantoni. Akapiga goti, "Shikamoo dada." Marahaba nikaitoa kwa shida. "Hizi za kizamani zikae kwako, dada. Sisi tunatumia za kisasa." Sisi! Akaondoka, nyumba ikabaki inanuka losheni yake mpaka jioni.

Sasa kuna kiboko anamaliza viazi vya watu kule Busisi, na mtumbwi ameshapindua. Bwana nyama wa serikali amemchagua mzee ampige, wanangoja kibali tu. Na mzee ataenda na ncha laini! Ikigonga kichwa cha kiboko itafumukia juu juu, kiboko abaki na uhai wake wote na hasira juu yake.

Mzee alipokuja Jumapili kula nilimwambia. Akaweka tonge chini. "Mama, huo ni wivu."

"Ni wivu, ndiyo. Na fuvu la kiboko ni nene. Yote mawili ni kweli."

Akacheka, akaendelea na samaki. Nikamnyooshea zile ngumu, akarudisha mkono nyuma kama zinaunguza. Risasi haipokelewi kwa asiye na kopo, anasema, ukipokea mnyama anakugeukia.

Njia imebaki moja. Nivuke nimkabidhi yule binti zile ngumu, nimkalishe, nimfundishe yote niliyofundishwa na mama mkwe. Na nikishamfundisha, mimi nitakuwa nani kwa yule mzee? Anapikiwa kule, analala kule. Kilichobaki kwangu, ambacho yule hana, ni kujua.

Nishaurini, lakini asiniambie mtu niache wivu, huo nitazikwa nao. Niambieni hili tu: nikamfundishe, mume arudi mzima awe wake kabisa? Au nikae hapa nyumbani, mpaka siku tutakapokaa na yule binti mkeka mmoja, wajane wawili, anigeukie aniulize, "Dada, ulikuwa unajua?"