Fundi Aliyegonga Bati

Kabla ya kujibu swali lolote, fundi mmoja wa magari wa mtaa wa Buyenzi hunawa mikono kwa petroli, kisha kwa sabuni, halafu hufuta kidole kimoja kimoja kama anayesafisha plagi. Elsa, mwanafunzi wa saikolojia, alikuwa amemjia mara tatu na karatasi zake za maswali kwa watu wanaoishi na vita. Kila alipouliza, "Wewe unalalaje?" fundi alijibu kwa sauti ileile ya chini, "Sisi tunalala muzuri kidogo, tangu jirani arudi." Elsa akaandika kwa wino: anakwepa kujizungumzia. Ndivyo alivyofundishwa, kwamba nafsi ya mtu imo ndani yake peke yake.

Siku hiyo ya tatu risasi zililia upande wa Kamenge. Elsa alijitupa chini ya meza. Fundi alichukua spana, akagonga bati la ukuta mara tatu, akatega sikio. Gereji ya jirani ikajibu, tatu. Ya mbele yake nayo ikajibu, kwa mbali. Hapo ndipo aliposhusha pumzi na kuketi.

"Sasa naweza kukujibu, dada. Mi niko muzima." Akafuta vidole tena. "Na kwenu, munagongeanaka?"

Elsa, aliyekwisha kutoka chini ya meza, alisema ndiyo, bila kuinua macho kutoka kwenye wino wake. Juma lililopita, risasi zilipolia, mama wa nyumba ya pili kwao aligonga ukuta kwa muda mrefu. Elsa aliongeza sauti ya redio.