Uzito wa Jescah

Nehemiah, mwendesha bodaboda, alikuwa na kichwa kigumu, na hilo Shinyalu nzima ililijua. Tangu mkewe Jescah afariki, mwaka mmoja na ushei, ndugu yake mkubwa Bramwel alimpigia simu kila Jumapili kutoka Lurambi akimwambia ahamie kwake, chumba kipo. Naye kila Jumapili alijibu kwamba mwanamume hakimbii boma lake, na kwamba hakuna kazi ya hapo asiyoiweza peke yake.

"Hata cheni?" Bramwel alimuuliza. "Ukiweza cheni, sitakusumbua tena."

Alijua pa kugusa. Cheni ya pikipiki ikikazwa kiti kikiwa kitupu, abiria akipanda inavutika mno. Lazima mmoja akalie, mwingine akaze. Kwa miaka kumi na mmoja aliyekalia alikuwa Jescah, akiambua maharagwe huko juu na kumchokoza mumewe: "Umemaliza, ama nipikie hapa?" Nehemiah alidhani zile ni kelele.

Baada ya mazishi alifunga cheni mpya na kuacha sproketi kuukuu, zile gia za meno zinazoizungusha, kosa ambalo hata aliyeanza kuendesha jana hangelifanya. Meno yake yalikuwa yamelika yakachongoka kama miiba, yakaitafuna cheni ile upesi. Ikawa inaruka kila akipanda kilima, na abiria wakaanza kumkwepa.

Jumapili hii, majirani wakiwa kanisani, alifungua gurudumu la nyuma, akafunga sproketi mpya zote mbili, akapitisha cheni na kuiunga. Mikono haikusahau kitu. Kisha akasimama akikitazama kiti. Watu wa kuita hawakosekani barabarani, lakini hakutaka mtu mwingine akae pale. Akaburuta gunia la mahindi kutoka ndani, akalipandisha, akalifunga kwa mpira.

Alikaza nati polepole, kushoto na kulia sawasawa, akiibonyeza cheni kwa kidole kila mara mpaka ikabaki kucheza kidogo tu, vile inavyotakiwa. Ilikaa sawa kabisa. Alikuwa amemshinda Bramwel, na furaha ikampanda.

"Haya, shuka," akasema, bila kuinua kichwa.

Akaisikia sauti yake mwenyewe katika boma lile. Gunia lilikaa vile vile. Akaufungua mpira, akalikumbatia gunia ili alishushe, na hapo, shavu likiwa limeliegemea, akalia. Siku ya mazishi hakulia, watu wakamsifu kwa uvumilivu.

Simu ilipoita alikuwa bado ameketi chini kando ya gunia lake. Bramwel hakusalimu hata. Aliuliza tu kama cheni imewezekana.

"Imewezekana," alisema Nehemiah. "Nimefanya peke yangu, na imekaa vizuri." Akalitazama gunia. "Hicho chumba bado kiko?"