Ulanzi wa Asubuhi

Jumatatu ya Pasaka iliyopita nilimpeleka binti yangu kwenye bustani moja ya michezo, nje kidogo ya Makambako. Usiniulize ni ipi, sikuja hapa kuchongea mtu. Getini pameandikwa kwa rangi za kila aina kwamba ni mahali pa familia, na kwa kutazama tu huwezi kubisha. Kuna bembea, kuna jumba la upepo la kurukia, kuna kitreni kinachozunguka bwawa la bata huku kikipiga honi. Binti yangu ana miaka tisa. Tulipoingia tu alikimbilia kwenye foleni ya treni, mimi nikaenda kununua vinywaji.

Kama hunijui, nikwambie mapema kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Nikipewa maziwa nayanusa. Nikipewa chai ugenini nainusa pia, na wenyeji wangu hununa. Basi pale kaunta nikawaona akina baba wanne wamekaa na vikombe vya plastiki vya bluu, vile visivyoonyesha kilichomo, kila mmoja akinywa juisi yake kwa adabu nyingi mno. Mwanaume mzima hanywi juisi ya pasheni huku amefumba macho. Friji nayo juu ilikuwa na soda, katikati maji, na chini wametundika kipande cha kitenge. Friji ivae kitenge kwa baridi gani? Niliinama kama ninayefunga kamba ya kiatu, nikachungulia. Chupa za bia zilikuwa zimelala humo, zimepangwa vizuri.

"Dada," nikamwambia msichana wa kaunta, "si mmeandika hapa ni pa familia?"

"Ndiyo, mama," akajibu bila kubabaika. "Kwani baba si familia?"

Wale akina baba wakacheka. Msichana akaona nimenuna, akavuta ndoo nyeupe iliyokuwa pembeni ya kaunta, akafungua mfuniko. "Kama soda huzitaki, mchukulie mtoto ulanzi. Ni wa asubuhi hii, mtamu. Hata watoto wanakunywa." Akanijazia kikombe.

Nikakipokea, nikabaki nimekishika. Binti yangu aliniona kutoka kwenye foleni, akaja mbio, akanyoosha mkono. "Mama, fanya haraka, treni inaondoka!" Halafu akaona pua yangu inashuka kwenye kikombe, akakata tamaa. "Jamani mama, kwa nini unanusa kila kitu?"

Sikumjibu pale pale. Nitakujibu wewe kwanza.

Nililelewa na bibi yangu mzaa baba, upande wa Yakobi, Njombe, kwenye nyumba ya tofali iliyokuwa na shamba la mianzi nyuma yake. Mvua zikianza, machipukizi ya mianzi yanakatwa ncha, inafungwa mbeta, kikombe kirefu cha mwanzi, na utomvu unadondoka humo usiku kucha. Huo ndio ulanzi. Ukiuchukua alfajiri ni mtamu na baridi, unakwaruza meno kwa utamu, na sisi watoto tulikuwa tunaunywa na viazi vya kuchemsha kabla ya kwenda shule. Ukiuacha mpaka mchana unachacha na kuwa pombe, tena pombe ya kumwangusha mtu mwenye akili zake. Kinywaji ni kile kile, mbeta ni ile ile, tofauti yake ni saa tu.

Bibi alikuwa Mlutheri wa kweli kweli. Babu alikuwa amekunywa ng'ombe wawili na shamba la bondeni kabla hajafa, na bibi aliposimama kaburini aliapa mbele ya wazee wa kanisa kwamba ulimi wake hautagusa tena ulanzi, hata ule mtamu. Lakini mianzi alikuwa nayo, na watoto walikuwa wanapenda mtamu. Kwa hiyo ilikuwepo kazi ambayo bibi mwenyewe hakuweza kuifanya, ya kujua ulanzi upi bado ni wa watoto na upi umeshavuka. Kazi hiyo alinipa mimi.

"Nusa," alikuwa ananiambia, ameshika mbeta kwa mikono miwili. "Nusa kwanza, ndipo useme."

Nilikuwa nanusa, naonja tone kwa ncha ya ulimi, nasema "mtamu" au nasema "umechacha." Nikisema umechacha, bibi anamwaga wote chini ya mgomba, bila kuuliza mara ya pili. Hebu fikiria mtoto wa miaka kumi na mitatu anasema neno moja na mtu mzima anamwaga ndoo nzima. Nilikuwa natembea kijijini nimeinua kidevu. Binamu zangu waliniita Pua, nami nilikipenda cheo hicho kuliko nguo ya sikukuu.

Siku hizo hatukuwa na bustani ya michezo wala kitreni. Tulikuwa na Jumatatu ya Pasaka. Baada ya ibada familia zote zinabaki kwenye uwanja wa kanisa, akina mama wanapika makande na nyama, akina baba wanafunga bembea ya kamba nene kwenye mkaratusi mkubwa, na watoto wanashindana kukimbia ndani ya magunia. Moshi wa kuni mbichi, harufu ya vitunguu, mapambio mpaka sauti zinakauka. Watoto hupewa ulanzi mtamu, halafu inasomwa sala, halafu ndipo bembea inafunguliwa. Na ulanzi wa watoto ulikuwa ukitoka kwa bibi, kila mwaka, kwa sababu hakuna aliyeaminika kama yeye.

Mwaka ninaouzungumzia tulikuwa tunasubiri kwaya ya wageni kutoka Makambako. Mvua ya jana yake ilikuwa imeharibu barabara, lori lao likakwama kwenye tope, tukasubiri. Kwa kawaida kuchelewa kwetu si kitu, baridi ya Njombe inatunza ulanzi vizuri. Lakini siku hiyo jua lilitoka. Jua lenyewe, la kuvua sweta. Ndoo mbili za bibi zilikuwa chini ya ukuta wa kanisa, na kivuli kikaziacha taratibu bila mtu kuangalia.

Wageni walipofika, mchungaji akaita watoto. Bibi akaniita mimi kwanza. "Nusa."

Nami nilikuwa na mafua. Nilinyeshewa jana yake, pua yangu ilikuwa imeziba kabisa, nisingeweza kunusa hata zizi. Sikumwambia bibi. Ningemwambiaje? Pua isiyonusa ingepewa kazi gani? Nikainama juu ya ndoo, nikavuta hewa kwa kelele ili aone nimenusa, nikachovya kidole na kuonja. Ulimi ulinichoma kidogo kwa ncha. Kidogo tu. Nilishuku, nakuapia, nilishuku pale pale. Lakini nyuma yangu watoto walikuwa wameshajipanga kukimbilia bembea, na mimi nilikuwa nimejiwekea nafasi ya kwanza tangu wiki iliyopita.

"Mtamu," nikasema.

Bibi akachota.

Mwanzoni ilikuwa kichekesho. Mtoto wa mwalimu alianza kuimba pambio katikati ya sala, peke yake, kwa sauti kubwa, na watu wakazuia vicheko. Mwingine akawa anamkumbatia mbuzi. Kisha mjukuu wa mzee wa kanisa akapanda bembea, akaachia kamba ikiwa juu kabisa, kana kwamba amechoka kuishika. Alianguka na kupasuka juu ya jicho. Mama yake alimkimbilia, akamwinua, akamfuta damu kwa khanga. Halafu nikamwona anasita, anasogeza uso wake kwenye mdomo wa mtoto. Akamnusa. Akageuka kumtazama bibi yangu, na uwanja mzima ukageuka naye.

Mtoto alipona, alishonwa, kovu analo mpaka leo. Kilichofuata ndicho ambacho hakikupona haraka. Watu waliomwamini bibi miaka yote walianza kukumbuka mambo. Kwamba kumbe mianzi yake ni mingi kuliko watoto wake. Kwamba kumbe huwa anafunga mlango wa jikoni mchana. Jirani yetu alikuwa anakuja kila siku kuomba chumvi, na macho yake yalikuwa yanapita juu ya vyungu vyetu kimoja kimoja. Chumvi gani ya kuombwa siku sita mfululizo? Bibi alikuwa anampa na kumshukuru kwa kuja.

Jumamosi ya wiki iliyofuata walikuja wazee watatu wa kanisa. Nilileta chai na viazi, nikabaki nimesimama mlangoni na birika. Walisalimiana vizuri, "kamwene," "kamwene," wakauliza habari za shamba, kisha yule ambaye mjukuu wake alianguka akaweka kikombe chini.

"Mama, wewe uliapa. Siku ile ulionja?"

"Sikuonja, mzee wangu. Ulimi wangu ni safi."

"Sasa kama hukuonja, nani alikuambia ni mtamu?"

Bibi hakunitazama. Aliitazama miguu yake, akavuta kitenge begani.

"Hakuna," akasema. "Niliwapa watoto bila kuangalia. Ni kosa langu."

Neno moja tu lilihitajika, nikalimeza. Wakamtenga. Kwetu maana yake ni kwamba hushiriki Meza ya Bwana, huimbi kwaya, unakaa benchi la nyuma kabisa mpaka siku utakapotubu mbele ya usharika. Bibi aliyekuwa anakaa mbele na akina mama wa kwaya alihamia benchi la mlangoni, linapopita upepo.

Wiki chache baadaye nilipata kipaimara. Nilivaa gauni jeupe aliloshona yeye kwa mkono, mishono midogo sana, maana macho yake bado yalikuwa mazuri. Nilipoitwa mbele kushiriki kwa mara ya kwanza, wenzangu wote nyuma yao kuna bibi au mama aliyenyanyuka kwenda nao mezani. Wangu alikaa. Kikombe kiliponifikia nilikinusa kabla ya kunywa, mafua yalikuwa yameisha, na nilisikia ule ule ukali niliopaswa kuusikia kwenye ndoo. Nikanywa nikilia, na watu wakasema mtoto huyu ameguswa na Roho.

Bibi alirudi kundini kabla mwaka haujaisha. Alisimama mbele na kuomba msamaha kwa uzembe ambao haukuwa wake, sauti yake haikutetemeka. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi zuri.

Sijui kama alijua. Hilo ndilo limenila miaka yote hii. Hakuwahi kuniuliza, hakuwahi kunisema, chakula changu hakikupungua. Ila mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, asubuhi moja nilikuwa uani nachambua maharage, nikasikia sauti yake kutoka kwenye mianzi, "Nusa. Nusa kwanza, ndipo useme." Niliinuka mbio. Nilipofika nikakuta anamwambia binamu yangu mdogo, na binamu ameinamisha kichwa kwenye mbeta. Bibi akanitazama, akatabasamu vile vile kama siku zote. "Endelea na maharage, mjukuu wangu." Hakuniita tena kunusa mpaka alipokufa, na mimi sikuwahi kumwambia. Nilikuwa na miaka kumi na moja mizima ya kumwambia.

Sasa mianzi haipo. Baba mdogo aliing'oa, akapanda parachichi, na siwezi kumlaumu, parachichi zinasomesha watoto. Mkaratusi wa bembea ulikatwa nguzo. Jumatatu ya Pasaka watu hawabaki tena uwanjani, wanapanda magari kwenda kwenye jumba la upepo. Mbeta za mianzi nazitafuta sokoni sizioni, wanakinga kwa chupa za plastiki. Nayakosa hayo yote, na bado nikiyakumbuka sipati raha kamili, maana kila nikifika kwenye ule uwanja najikuta nimeinama juu ya ndoo.

Basi hapo ndipo nilipokuwa, mbele ya kaunta, na kikombe mkononi. Jua lilikuwa limeshavuka paa la kibanda. Ndoo ile nyeupe ilikuwa juani. Treni ilipiga honi na binti yangu akaanza kurukaruka. "Mama, ni mtamu au si mtamu? Wananiacha!"

"Ni wa asubuhi, mama," msichana akarudia, safari hii kwa uchovu. "Mbona unatuchelewesha?" Nyuma yangu mama mmoja mwenye watoto wawili alikuwa ameshanyoosha vikombe vyake ajaziwe.

Nilinusa taratibu. Nikachovya ncha ya ulimi. Ulichoma kidogo. Kidogo tu.

"Umechacha," nikasema.

Nilisema kwa nguvu, wale akina baba wakageuka, yule mama akarudisha vikombe vyake kifuani. Nikamwaga ulanzi kwenye nyasi. Binti yangu alikuwa akinitazama, treni imeshaondoka bila yeye, na akaniuliza kwa nini ninalia. Nilishindwa kumweleza, maana lilikuwa neno rahisi sana, hata mtoto angeweza kulisema.