Nafasi Zilizoachwa Wazi

Baba yangu hakujua Kiingereza, na jambo hilo halikumzuia hata siku moja kunifundisha. Alikuwa fundi cherehani hapa kisiwani, Kilindoni, mashine yake ikiwa kibarazani kwetu, na mimi binti yake nilikuwa mwanafunzi wa sekondari mwenye hasira za karibu. Kila jioni nilirudi na karatasi ya mazoezi: sentensi zenye pengo katikati, na chini ya kila moja maneno manne ya kuchagua. Jaza nafasi zilizoachwa wazi. Wenzangu walikariri kamusi, wakiimba maneno njia nzima mpaka shuleni. Mimi nilikuwa mvivu wa kukariri, ila nilikuwa na baba.

"Usinitajie neno peke yake," alikuwa akiniambia, mguu bado uko kwenye pedeli. "Nisomee yote, mwanzo mpaka mwisho. Kisha niambie kwa Kiswahili inasema nini."

Nilisoma, nikatafsiri, na nilipofika penye pengo nikanyamaza. Hapo ndipo aliposimamisha mashine. Nilimpa yale maneno manne na maana zake, naye akayajaribu moja baada ya jingine, kila mara akiirudia sentensi tangu mwanzo, kama anavyomvalisha mteja kanzu ambayo bado ina pini. "Hili linambana," alisema. "Hili linaburuza. Lete jingine." Neno likikaa vizuri mabegani aligonga meza kwa mkasi, nami nikaandika.

Asije mtu akadhani tulikuwa tunapata yote. Bahari ilikuwa..., kwa hiyo boti haikuondoka: sentensi hiyo haikutusumbua, maana yeyote aliyewahi kuvuka kwenda Nyamisati kule bara analijua jibu kwa tumbo lake. Lakini ilikuja sentensi ya paa lililofunikwa na kitu fulani, na katika yale manne kulikuwa na theluji, wino, usingizi na mkate. Baba alitaka makuti. Nikamwambia makuti hayamo. Akaudhika kweli. "Aliyetunga karatasi hii hajawahi kuezeka," akasema, akarudi kwenye suruali ya watu. Theluji niliiandika mwenyewe, kwa kuwa wino na usingizi haviezeki na mkate ungeliwa na kunguru.

Nazikumbuka jioni zile kuliko ninavyokumbuka darasa lolote. Mama amekaa kwenye mkeka anasuka ukili wa mkeka mwingine, vitambaa vya sare vimezagaa, mimi nasoma kwa sauti, na wateja wanaochukuliwa vipimo wanalazimika kutoa maoni. Kuna mzee mmoja wa Jibondo aliyekuja kushonewa kanzu ya Idi akasimama mikono juu muda wote tunabishana neno gani lifuate "very". Hakulalamika. Alipoondoka aliuliza kama kesho tutaendelea.

Kisha ikaja sentensi ya mgeni.

Kwa Kiswahili ilikuwa hivi: chakula ndani ya nyumba kilikuwa kimekwisha, kwa hiyo mgeni alijisikia nini? Maneno mawili yalikuwa ya kutupoteza tu. Yaliyobaki yalikuwa "disappointed", yaani amevunjika moyo, na "grateful", yaani ana shukrani. Mimi nilijua jibu. Mtu ana njaa, sufuria tupu, atafurahia nini? Lakini baba alisimamisha mashine akavua na miwani, na nilipoona miwani imevuliwa nikajua tumekwisha.

"Mgeni huyo kakaribishwa?"

"Kakaribishwa."

"Kapewa maji ya kunywa? Kakalishwa?"

"Baba, karatasi haisemi."

"Haisemi kwa sababu inajulikana. Sasa mtu kakukaribisha nyumbani kwake, chungu kimemuaibisha, anatamani ardhi ipasuke, na wewe uvunjike moyo mbele yake? Mgeni wa wapi huyo?"

Mama akadakia bila kuinua kichwa. "Mwandikie shukrani, mwanangu, tulale."

Nikaandika "grateful". Kesho yake karatasi ikarudi na mkasi mwekundu juu yake, ile alama ya kukosa, mkubwa, wa kuonekana na dawati la nyuma. Mwalimu alinieleza kwa upole. Alisema tazama kineno kidogo kilichotangulia pengo, "so", kwa hiyo; hicho ndicho kinachokuonyesha njia. Chakula kimekwisha, kwa hiyo kinachofuata ni kibaya. Somo zuri sana, na leo nalifundisha mwenyewe, lakini siku ile nilifika nyumbani nimefura.

"Umenikosesha!" nikamwambia baba, hata shikamoo sijatoa.

Akanisubiri nitoe shikamoo. Nikaitoa. Akaitikia marahaba, kisha akataka kujua mwalimu kasemaje, nikamweleza habari ya "kwa hiyo". Alifikiri sana, uzi mdomoni.

"Mwalimu wako hajakosea," akasema. "Karatasi ni yake. Lakini mimi nikikuta nyumba ya watu chakula kimekwisha, nitashukuru, nitashukuru mpaka wenyewe walale usingizi. Andika unavyotaka, mama. Mimi ni gretifuli."

Tangu siku ile neno likawa lake. Akimaliza kula anasukuma sahani: gretifuli. Wali ukiungua chini: gretifuli. Siku umeme ulipokatika yuko katikati ya kupiga pasi suti ya bwana harusi, alisema gretifuli kwa meno yaliyobana mpaka tukatoka nje kwenda kucheka. Mama naye akaanza kulitumia, na sisi watoto, na lilipofika kwa jirani halikuwa tena la Kiingereza.

Nilikwenda kusoma ualimu bara, nikarudi kufundisha Kiingereza hapa hapa. Wanafunzi wangu wana simu zinazowapa maana ya neno kabla sijamaliza kulitamka. Sawa. Nawaambia wazime, wasome sentensi yote, wajaribu neno moja moja kwa sauti. Sijawaambia mbinu hiyo ilitoka kwenye cherehani.

Mwaka huu baba alipata kiharusi. Ilikuwa asubuhi, anatia uzi kwenye sindano, na mkono wa kulia ukamwacha pale pale. Mkono umeanza kurudi. Maneno hayakurudi. Anataka maji, anasema mkasi. Anajua kuwa si mkasi, unaona kabisa machoni kwamba anajua, anajaribu tena na linatoka lile lile, na hasira inampanda. Na sisi, kwa mapenzi, tulimvamia wote kwa pamoja: Maji? Chai? Mto? Unataka kutoka nje? Mimi nikiwa wa kwanza, maana subira sikujaliwa. Baada ya muda akaacha kujaribu. Aligeukia ukutani, na nyumba iliyokuwa na kelele zake ikawa kimya. Niliogopa kimya kile kuliko nilivyoogopa siku ya kiharusi chenyewe. Daktari alisema akiacha kujaribu, maneno yatazidi kwenda mbali.

"Mnamjazia sana," alituambia. "Mwachieni nafasi."

Nikajaribu. Nilikaa kitandani kwake nikamsomea sentensi zenye mapengo. Jua huchomoza upande wa... Kuku hutaga... Alinitazama kwa dharau niliyostahili, akafumba macho. Nilimpa maswali ya chekechea, mtu aliyebishana na watunga mitihani.

Ijumaa moja, tumemaliza chakula cha mchana na tumekaa chumbani kwa baba, akaingia shangazi, dada yake baba, kutoka Kiegeani. Hakuwa ametuma salamu kwamba anakuja, na kwa nini atume? Ni nyumbani kwa kaka yake. Mama alikwenda jikoni, nikasikia mfuniko unafunguliwa na kufungwa. Akatokea mlangoni na sufuria mkononi, uso umemshuka.

"Wifi yangu, nisamehe. Wali umekwisha sasa hivi. Ngoja nikubandikie..."

"Aka, usibandike kitu," akasema shangazi. "Mimi nimeshiba tangu nyumbani. Ahsanteni, ahsanteni sana. Nimekuja kumwona ndugu yangu." Akaendelea kushukuru, kwa maji, kwa kiti, kwa upepo wa dirishani, na mtu yeyote angejua kwamba mwanamke yule hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi.

Baba alikuwa amegeuka kutoka ukutani. Alikuwa anamtazama dada yake, kisha sufuria, kisha dada yake.

Nikamwinamia nikasema polepole, "Chakula ndani ya nyumba kilikuwa kimekwisha, kwa hiyo mgeni alijisikia..."

Nikanyamaza.

Midomo yake ikaanza kuhangaika. Mama akafungua kinywa amsaidie. Nikainua mkono kumzuia. Ikatoka sauti isiyo neno. Ikatoka nyingine. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, na mimi nilikuwa nimeuma ulimi wangu kwa nguvu nisije nikalisema mimi, kwa kuwa lilikuwa limejaa mdomoni kwangu, linanichoma. Vidole vya mkono wake mzima vikawa vinagonga ubao wa kitanda.

"Gre," akasema baba. Akapumzika. "Greti... fuli."

Mama akakaa chini pale pale mlangoni, sufuria mapajani, akalia kama mtoto. Mimi nilikuwa nacheka na machozi yananitiririka shingoni. Baba alituangalia wote wawili kama watu waliochelewa kuelewa, kisha akagonga ubao mara moja tena, kwa nguvu.

Shangazi alikuwa hajui ashike lipi. "Jamani, kasema nini?"

"Kajibu swali, shangazi."

"Kapata?"

"Kapata," nikamwambia.